Mvumo

Upepo huvuma, nyuki huvuma, ngoma huvuma, hata habari huvuma. Mvumo ni sauti nzito isiyokatika, ambayo mara nyingi sikio halijui itokako. Nalitaka neno hili kwa muziki wa filamu za mizimu. Tumezoea kuandika “sauti za kutisha”, maneno yanayotaja hofu na kuiacha sauti yenyewe.

Sikiliza mwanzo wa The Shining (1980) ya Stanley Kubrick. Gari dogo linapanda milimani mchana kweupe. Hakuna jini wala damu. Lakini Wendy Carlos na Rachel Elkind wanaupiga kwa sinthesaiza Dies Irae, wimbo wa kale wa kanisa wa kuombea wafu, kwa noti nzito za chini. Mvumo huo unatutia hofu kabla hoteli yenye mizimu haijaonekana.