Mvutano wa Kamba

Mvutano ni kani iliyomo ndani ya kamba, waya au mnyororo unaovutwa ncha zote mbili. Popote utakapoikata kamba hiyo kwa mawazo, kipande cha kushoto kinakivuta cha kulia, nacho kinavutwa kwa kiasi kilekile. Kauli ya kutendana iliyomo katika jina lenyewe inaieleza fizikia sawasawa. Neno mkazo nalo hutumika kwa maana hiyo, na fundi anayesema kamba imekaza hakosei. Katika uhandisi, hata hivyo, ni bora mkazo uachiwe kani iliyogawanywa kwa eneo la mkato wa waya. Nyaya mbili za aina moja zenye mvutano sawa zaweza kutofautiana sana kwa mkazo, na ule mwembamba ndio utakaotangulia kukatika.

Katika mchezo wa kuvuta kamba, timu mbili zikishindana bila kusogea, kila moja ikivuta kwa nyutoni 1,000, wengi hujumlisha na kupata 2,000. Mvutano ni nyutoni 1,000 tu. Timu moja ikiondoka na ncha yake ikafungwa mtini, hakuna kinachobadilika, kwa kuwa mti nao unavuta.

Ndoo ya kilo 20 inayoning'inia kisimani bila kusogea huitia kamba mvutano wa nyutoni 196 hivi, yaani uzito wake. Ikishtuliwa kwenda juu, mvutano huuzidi uzito, na hapo ndipo kamba kuukuu hukatika. Kamba ikipitishwa kwenye roda laini, kama zile za kupandishia tanga la jahazi, mvutano hubaki uleule pande zote mbili; kinachogeuka ni mwelekeo.

Penye kuhitaji uangalifu zaidi ni pembe. Chukua kamba iliyofungwa kati ya nguzo mbili, na mzigo wa nyutoni 100 katikati yake. Kila upande ukiinama nyuzi 30 kutoka mlalo, mvutano ni nyutoni 100. Kwa nyuzi 10 hufika 288, na kwa nyuzi 5 hufika 574. Sababu ni kwamba mzigo hubebwa na ile sehemu ya mvutano inayoelekea juu tu, nayo hupungua kadiri kamba inavyolala. Kwa hiyo kamba yenye mzigo haiwezi kunyooka kabisa, hata ivutwe na nani. Mafundi wa umeme huacha nyaya zibonyee kati ya nguzo kwa sababu hiyohiyo, tena baridi huzifupisha na kuzidisha mvutano.

Katika Daraja la Nyerere la Kigamboni, Dar es Salaam, lililofunguliwa mwaka 2016, kebo hushuka kimshazari kutoka minarani hadi kwenye barabara. Mvutano wa kila kebo huinua barabara na papo hapo huisukuma kuelekea mnarani. Kebo zilizo karibu na mnara zimesimama zaidi. Zile za mbali zimelala, hivyo ili kuinua uzito uleule zinahitaji mvutano mkubwa zaidi.