Nyota Katika Karata na Katika Ramli
Somo la historia lililosomwa redioni kwa madarasa ya watu wazima

Natumaini mmekwisha kukaa, na kila mmoja ana kalamu na daftari lake. Leo nasema hasa nanyi mlio katika madarasa ya Kasanda, na ya Kibondo na Kasulu. Lakini kila mwenye masikio na asikie. Somo letu ni la historia. Lahusu desturi ya kutafuta habari za mambo yaliyofichika kwa karata au kwa ramli, na jinsi watu walivyozitia nyota ndani ya desturi hiyo.

Pengine mmoja wenu atauliza, "Mwalimu, sisi tumekuja kujifunza kusoma na kuandika. Mambo ya ramli yatuhusu nini?" Yatuhusu sana. Mpiga ramli naye husema kwamba anasoma. Basi mtu ajuaye kusoma ana haki ya kumwuliza: hayo unayoyasoma, aliyaandika nani, wapi, na lini?

Tuanze na karata. Wengi wenu mmecheza karata, au mmeona vijana wakicheza barazani. Mwajua kwamba ziko aina nne: kopa, uru, pau na shupaza. Asili ya majina haya ni Kireno. Kopa maana yake ni vikombe, uru ni dhahabu, pau ni fimbo, na shupaza ni panga. Lakini zitazameni karata zenyewe: hamna kikombe wala upanga. Kopa ni picha ya moyo! Sababu ni hii. Karata za zamani za Italia, Hispania na Ureno zilichorwa vikombe, sarafu za dhahabu, fimbo na panga. Picha zilibadilika, majina yakabaki katika lugha yetu.

Yapata mwaka 1440, watu wa kaskazini ya Italia waliongeza karata 22 za picha juu ya karata hizo za vikombe na panga. Zikawa karata 78 kwa jumla, nazo zaitwa taroti. Katika picha hizo yumo mfalme, mna gurudumu, mna mnara unaopigwa na radi. Kwa miaka 300 hivi zilikuwa karata za mchezo, kama hizi zetu.

Mwaka 1781 mwandishi mmoja wa Ufaransa, Antoine Court de Gébelin, alitangaza kwamba karata za taroti ni kitabu cha hekima ya Misri ya kale. Watu wengi walimsadiki. Lakini katika mwaka huo hakuwako mtu hata mmoja duniani aliyeweza kuyasoma maandishi ya Misri ya kale. Siri ya maandishi hayo ilianza kufunuliwa mwaka 1822, na mtaalamu mwingine wa Ufaransa, Champollion. Basi Court de Gébelin alieleza kitabu cha watu ambao maandishi yao hakuweza kuyasoma.

Mwaka 1888 kikaundwa chama cha siri mjini London. Wakuu wa chama hicho walichukua zile karata 22 wakazigawia nyota. Karata 12 zikapewa makundi 12 ya nyota yaitwayo buruji, kama vile Simba, Mizani na Nge. Karata 7 zikapewa jua, mwezi na zile sayari tano zionekanazo kwa macho. Zilizobaki tatu zikapewa moto, maji na upepo. Hesabu ikatimia.

Lakini palikuwa na taabu moja. Katika karata nyingi za zamani, hasa zile za Ufaransa, karata ya 8 ilikuwa Haki, mwanamke mwenye mizani. Karata ya 11 ilikuwa Nguvu, mwanamke amshikaye simba kinywa. Mbinguni mambo ni kinyume: katika mpango wa buruji, Simba hutangulia na Mizani hufuata. Wafanye nini? Nyota haziwezi kuhamishwa, kwa hiyo wakahamisha karata. Nguvu ikapewa namba 8, na Haki ikapewa namba 11. Karata zilizopigwa chapa London mwaka 1909 zilifuata mpango huo mpya, na sasa zimeenea dunia nzima. Atumiaye karata hizo leo pengine hudhani kwamba mpango huo umekuwako tangu kale. Kumbe ni watu walioubadili, na mwaka wake wajulikana.

Sasa tuje kwetu. Katika nchi yetu watu wachache wameona taroti, lakini nani asiyesikia habari za ramli? Neno hili latoka katika Kiarabu, na maana yake ni mchanga, kwa sababu alama zake zilichorwa mchangani. Elimu hiyo ilikaa pwani siku nyingi pamoja na elimu ya nyota, yaani falaki. Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyeishi Bagamoyo, alieleza mambo ya waganga na ya safari za bara katika maandishi ya Desturi za Wasuaheli, yaliyotolewa mwaka 1903. Na njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilipita Tabora ikaja mpaka Ujiji, karibu nanyi. Kwa njia hiyo zilipita nguo, shanga na pembe. Walipita pia watu waliofungwa minyororo. Lugha ya Kiswahili nayo ilipita njia hiyo, na vitabu, na desturi za wenye vitabu.

Ramli hupigwaje? Mpiga ramli huchora mistari ya nukta upesi, bila kuzihesabu. Kisha hufuta nukta mbilimbili mpaka kila mstari ubaki na nukta moja au mbili. Mistari minne hufanya alama moja. Chukua kalamu ujaribu mwenyewe: safu nne, kila safu nukta moja au mbili. Utapata alama 16 tu, wala hutapata ya 17. Hiyo ni hesabu, si siri. Safu zote zikiwa na nukta moja moja, alama yaitwa tariki, yaani njia. Zote zikiwa na mbili mbili, yaitwa jamaa, yaani mkusanyiko.

Sasa andikeni alama moja zaidi. Safu ya kwanza nukta mbili. Ya pili nukta moja. Ya tatu mbili. Ya nne mbili. Hii yaitwa humra, maana yake wekundu. Wenye ramli huipa nyota ya Mirihi, nao husema ni damu, moto na ugomvi. Mmekwisha? Haya, geuzeni daftari, juu iwe chini. Mwaona nini? Mbili, mbili, moja, mbili. Hii ni alama nyingine kabisa, yaitwa bayadhi, yaani weupe, nayo husemwa kuwa ni ya heri. Fikirini, ndugu zangu. Mpiga ramli huketi upande mmoja, na mwenye shida huketi mbele yake wakitazamana. Nukta ni zilezile. Mpiga ramli aona damu. Aliyeketi mbele yake, kama angejua kusoma alama hizo, angeona heri.

Basi damu imetoka wapi? Haikutoka katika nukta. Imetoka katika Mirihi. Zamani sana watu wa Babeli, katika nchi ya Iraki ya leo, waliitazama sayari hiyo nyekundu wakasema ni ya mungu wao wa vita na tauni. Watu wa Babeli ndio pia waliogawa njia ya jua katika sehemu 12, zaidi ya miaka 400 kabla ya Kristo. Wagiriki wakapokea elimu yao, kisha Waarabu na Waajemi. Katika watu wa Baghdad alitokea Abu Maashar, mnajimu mkubwa aliyekufa mwaka 886. Kitabu chenye jina lake kimetumiwa na waganga wa kitabu katika pwani yetu. Katika karne ya 12 vitabu vya Kiarabu vilifasiriwa Ulaya, nako wakajifunza buruji, na hata ramli. Na wale watu wa London, je, Mirihi waliipa karata gani? Waliipa ule mnara unaopigwa na radi! Ndiyo sababu ramli na taroti zapatana juu ya Mirihi. Si kwamba mashahidi wawili wameona jambo moja. Ni wanafunzi wawili walionakili ubao mmoja.

Leo twajua kwa nini Mirihi ni nyekundu. Mwaka 1976 vyombo vya Marekani vilitua huko vikapima udongo wake. Wekundu ule ni kutu ya chuma, kama ile iliyo katika jembe lililoachwa mvuani.

Iko njia nyingine: kutafuta nyota ya mtu kwa jina lake. Kila herufi ya Kiarabu ina hesabu yake. Jina la mtu hujumlishwa na jina la mama yake, kisha hutolewa 12 mara nyingi iwezekanavyo. Kinachobaki ndicho namba ya nyota. Tufanye hesabu. Ali ni 70 na 30 na 10, jumla 110. Mama yake ni Mariamu, 40 na 200 na 10 na 40, jumla 290. Pamoja ni 400. Toa 12 mara 33, yabaki 4. Nyota ya nne ni Saratani, yaani Kaa. Lakini tuseme mama huyu nyumbani huitwa Amina. Amina ni 1 na 40 na 50 na 5, jumla 96. Pamoja na Ali ni 206. Toa 12 mara 17, yabaki 2. Nyota ya pili ni Thauri, yaani Ng'ombe. Mtu ni yuleyule, mama ni yuleyule, nyota zimekuwa mbili. Na wewe ambaye jina lako la Kiha lina sauti ya g au p, ambazo hazimo katika herufi za Kiarabu cha kitabu, utahesabiwaje?

Sisemi kwamba nyota hazina faida. Wazee wetu walitazama Kilimia wakajua wakati wa kulima. Mabaharia walishika njia usiku kwa nyota. Waislamu huangalia mwezi mwandamo. Elimu hiyo ni ya kweli, kwa kuwa kila mtu aweza kutoka nje akatazama. Mwanachuoni Ibn Khaldun, katika kitabu chake cha mwaka 1377, aliwakanya watu wasitegemee utabiri wa nyota wala wa mchanga; naye alikuwa Mwislamu aliyesoma sana.

Ndugu zangu, kama ramli ingekuwa mchezo tu, nisingewachosha. Lakini mtoto akifa ghafla kijijini, wenye msiba huenda kutafuta jina. Alama nyekundu ikitokea, mpiga ramli husema kuna adui. Watu hutazama huku na huku. Kuna bibi kizee, macho yake ni mekundu. Amepika kwa kuni maisha yake yote, na moshi ndio ulioyaharibu macho yake. Katika nchi yetu vikongwe wengi wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na wengine kosa lao lilikuwa macho mekundu tu. Watu wenye ualbino nao wameuawa kwa maneno ya waganga wa uongo. Ndiyo sababu Januari 2015 serikali ya Tanzania ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli.

Tazameni mnyororo ulivyo mrefu. Kutu katika sayari ya mbali. Mtu wa Babeli akaiita vita. Mwenye kitabu akaiandika chini ya nukta saba. Mpiga ramli akaitamka. Na mwisho wake ni mlango wa bibi kizee usiku. Katika mnyororo huo hakuna pete hata moja iliyoona ugonjwa wa mtoto. Mganga wa zahanati angeweza kuupima.

Kwa hiyo, siku mtu atakapokuambia kwamba nukta au karata zimemtaja jirani yako, usikae kimya kwa heshima ya kitabu. Wewe sasa u mtu wa kitabu pia. Mwulize: imeandikwa wapi? Aliiandika nani? Na mimi niliyeketi upande huu, naona nini?

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini watu wa London walibadili namba za karata mbili?
2. Chora humra, kisha uigeuze. Mwenzako aliye mbele yako anaona alama gani?
3. Taja elimu ya nyota itumikayo Kasanda ambayo kila mtu aweza kuihakikisha kwa macho yake.
4. Jirani akishtakiwa kwa ramli, wazee wa kijiji wafanye nini kabla ya usiku kuingia?

Kwaherini, hata somo lijalo.