CPS katika Fizi na Baraka: kadi ndogo ambayo vita huikata katikati

Mwezi wa Septemba, shule zinapofunguliwa, wazazi wa Baraka na Fizi wanahangaika kutafuta madaftari, kalamu, shati jeupe na nguo ya bluu. Lakini kuna karatasi moja ambayo ilipaswa kuanza kujazwa miaka sita mbele ya siku hiyo. Ni kadi ya mtoto ya CPS.

Kwa Kifaransa ni consultation préscolaire, yaani mtoto kuonwa na muuguzi kabla ya kufikia umri wa kwenda shule. Akina mama wengi husema tu "kupimisha kilo". Kwa sababu ya jina hilo, mtu anaweza kudhani ni ukaguzi wa siku moja kwenye mlango wa darasa. Sivyo. Ni kumfuata mtoto tangu kuzaliwa mpaka atimize miaka 5: kilo zake, chanjo zake, chakula chake. Historia inaonyesha kwa nini siku moja haitoshi.

Mwanzoni mwa karne ya 20, ugonjwa wa malale uliua watu wengi kandokando ya ziwa Tanganyika. Waganga wa serikali ya kikoloni walipita wakishika shingo za watu, wakitafuta tezi zilizovimba. Wakati ule kupimwa kulikuwa jambo la amri, na lengo kubwa lilikuwa kulinda nguvu ya kazi. Baadaye misheni na serikali ya Wabelgiji zilianza siku za kupima watoto wachanga, lakini vijiji vingi vilikuwa mbali na huduma hiyo.

Kipimo cha leo kilitoka kwingine. Katika miaka ya 1950, daktari Mwingereza David Morley alifanya kazi Ilesha, nchini Nigeria. Aliona kwamba mtoto hapungui kilo kwa siku moja. Anashuka polepole, mama akimwona kila siku bila kutambua. Akatengeneza kadi yenye mstari wa kuonyesha njia ya afya, na kadi hiyo akaiacha mikononi mwa mama mwenyewe. Mstari ukipanda, mtoto anakua. Ukilala au ukishuka, kuna jambo, hata kama mtoto bado anacheza.

Somo la pili lilitoka karibu na Fizi, kwa majirani wa Maniema. Huko Kasongo, katika miaka ya 1970, waganga wa Zaire na wa Ubelgiji walifuata watoto waliopata chanjo ya surua na wale wasioipata. Matokeo yalitoka katika gazeti la waganga The Lancet mwaka 1981. Waliochanjwa walikufa wachache zaidi. Lakini faida hiyo ilipungua kadiri watoto walivyokua, kwani mtoto dhaifu aliyeokolewa na surua aliweza kuchukuliwa na ugonjwa mwingine. Sindano moja inafunga mlango mmoja tu. Mtoto anahitaji kuonwa tena na tena.

Katika miaka ya 1980 Zaire iligawanywa katika zoni za afya, kila moja na hospitali yake kuu na vituo vyake. Ndipo kupimisha kilo kukawa kazi ya kawaida ya kituo cha afya. Leo teritware ya Fizi ina zoni kadhaa, kati yake Fizi, Nundu na Kimbi-Lulenge.

Halafu ikaja vita ya 1996. Maelfu ya familia za Fizi walivuka ziwa kwenda Kigoma, na mwaka huo huo kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa. Lugufu ikafuata. Watoto waliozaliwa huko walipelekwa "kliniki", kama Watanzania wanavyosema. Kuanzia Oktoba 2005, HCR ilianza kurudisha familia kwa meli kutoka Kigoma mpaka Baraka. Kadi za kliniki za Tanzania huandikwa kwa Kiswahili, za Kongo kwa Kifaransa. Lakini kilo ni kilo, na tarehe ya chanjo ni tarehe. Mama aliyehifadhi kadi ya kliniki alirudi na historia ya mtoto wake mkononi.

Mwaka 2019 mambo mawili yalikutana. Mwezi wa Septemba serikali ilianzisha elimu ya msingi ya bure, na watoto wengi zaidi wakajaa madarasani. Wakati huo huo, surua ilikuwa inaenea nchini kote. Mwanzoni mwa mwaka 2020 ilikuwa imeua watu zaidi ya 6,000, wengi wao watoto wa chini ya miaka 5. Surua hupita hewani. Wale ambao chanjo yao ilikatwa na vita au na umbali ndio waliokuwa hatarini zaidi, na mtoto wa shule huweza kuibeba mpaka kwa mdogo wake nyumbani.

Kwa familia zilizo uhamishoni, ndani ya Fizi au nje, historia hii ina maana ya kila siku. BCG hutolewa baada ya kuzaliwa, chanjo nyingine katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na ya surua katika miezi 9. Kuanzia miezi 6 mtoto hupata vitamini A, na mkono wake hupimwa kwa utepe wa rangi: kijani ni vizuri, njano ni onyo, nyekundu ni hatari, apelekwe upesi. Familia inayokimbia mwezi ambao mtoto anatimiza miezi 9 inaweza kuipita siku hiyo bila kujua.

Kadi ikichomwa au ikipotea njiani, mtoto hapotezi haki yake. Muuguzi anaweza kufungua kadi mpya na kuanzia pale palipokatika. Na siku ya kukimbia, kadi hiyo iwekwe mahali pamoja na kitambulisho cha mama, ndani ya mfuko usiopitisha maji. Ni nyepesi kuibeba.