Uzio, Majani na Likizo: Waingereza Walivyoipata Siku ya Kutembea

Kuna kauli naisikia sana mjini, hata kwenye chumba cha habari ninakofanyia kazi: "Wazungu wana utamaduni wa kutembea, sisi hatuna." Ushahidi wake huwa ni ile picha tunayoijua sote. Baba, mama na watoto wawili wamevaa makoti na mabuti ya mpira, wako kwenye bustani kubwa huko England mwezi wa Oktoba, majani mekundu na ya njano yanapukutika, mbwa anakimbia mbele. Shule zimefunga kwa wiki moja katikati ya muhula na familia imetoka nje ya mji kwa siku mbili tatu.

Mimi naipinga kauli hiyo. Ukiifuatilia historia ya ile picha, hukuti utamaduni wa kuzaliwa nao. Unakuta sheria, reli na watu waliokwenda jela.

Tuanze na ardhi. Kati ya karne ya 17 na mwanzoni mwa karne ya 20, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria zaidi ya 5,000 za kuzungushia uzio ardhi iliyokuwa ya pamoja, karibu ekari milioni 7. Pale mwanakijiji alipozoea kulisha ng'ombe na kuokota kuni, pakawa mali ya bwana mmoja. Nyingi ya bustani tunazozisifu leo zilitengenezwa kwenye mashamba ya mabwana hao, na si zote kwa fedha safi. Kasri la Harewood, karibu na Leeds, lilijengwa karne ya 18 na familia ya Lascelles, iliyotajirika kwa sukari na watumwa wa visiwa vya Karibi.

Mtu wa kawaida angepumzika wapi? Mwaka 1847, mji wa Birkenhead, ng'ambo ya mto kutoka Liverpool, ulifungua bustani ya kupumzikia iliyojengwa kwa fedha za umma, ya kwanza ya aina yake. Aliyeichora ni Joseph Paxton, mtunza bustani mkuu wa Duke wa Devonshire kwenye kasri la Chatsworth. Yaani ufundi uliozoea kumfurahisha bwana mmoja sasa ukamfikia mfanyakazi wa bandarini.

Lakini bustani bila nafasi ya kwenda inasaidia nini? Mwaka 1871 mbunge Sir John Lubbock, mwenyewe mtu wa benki, alipitisha sheria ya siku za mapumziko ya benki. Kwa England zilikuwa siku 4 tu: Jumatatu ya Pasaka, Jumatatu ya Pentekoste, Jumatatu ya kwanza ya Agosti na Desemba 26. Hiyo ya mwisho sisi tunaijua kama Boxing Day, tuliyoirithi kutoka kwa wakoloni.

Likizo yenye malipo ilikuwa hadithi nyingine kabisa. Ndiyo maana kwa maskini wa London Mashariki, "mapumziko" ya kuelekea majira ya baridi yalikuwa kazi. Kila Septemba akina mama, bibi na watoto walipanda treni kwenda Kent kuchuma hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu wake. Walilala kwenye vibanda vya bati au mbao, wakapika nje kwa kuni, na akina baba wakawafuata mwisho wa wiki. Watoto walikosa shule lakini walipata hewa safi na matofaa. Malipo yalikuwa kiduchu. George Orwell alichuma hopsi mwaka 1931 na akaandika juu ya ujira huo duni. Hatari nayo ilikuwepo: Oktoba 20, 1853, gari la farasi lililobeba wachumaji lilitumbukia mto Medway kwenye daraja la Hartlake, wakafa 30. Na bado familia ziliendelea kwenda hadi mashine zilipochukua kazi hiyo baada ya Vita Kuu ya Pili. Kwa wengi wao hakukuwa na likizo nyingine.

Kaskazini, kwenye miji ya viwanda ya Manchester na Sheffield, hamu ilikuwa kutembea milimani. Milima ilionekana kutoka mjini, lakini ilifungwa. Wenye ardhi walifuga huko ndege wa kuwinda, na msimu wa kuwawinda ulianza Agosti 12, yaani wakati mzuri kabisa wa kutembea ulikuwa wa bunduki za mabwana. Aprili 24, 1932, kijana wa miaka 20 aitwaye Benny Rothman aliongoza mamia ya vijana kupanda Kinder Scout bila ruhusa. Wakapambana na walinzi wa Duke wa Devonshire. Watano walifungwa, wengine hadi miezi 6. Jamani, jela kwa kosa lililoanzia kwenye kutembea!

Hukumu ile iliwaudhi wengi. Mwaka 1938 ikaja sheria ya likizo yenye malipo. Mwaka 1949 ikaja sheria ya hifadhi za taifa, na mwaka 1951 Peak District, yenye mlima huohuo wa Kinder, ikawa hifadhi ya kwanza. Mwaka 2002, miaka 70 baada ya tukio, Duke wa wakati huo aliomba radhi hadharani kwa walichotendewa wale vijana.

Na vita haijaisha. Sheria ya mwaka 2000 ilitoa haki ya kutembea kwa uhuru kwenye takriban asilimia 8 tu ya ardhi ya England. Mei 2025 ilibidi Mahakama ya Juu iamue kwamba wananchi wana haki ya kulala kwenye mahema yao katika nyika ya Dartmoor.

Sasa turudi nyumbani kidogo. Sheria yetu ya kazi ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 28 za likizo yenye malipo kila mwaka. Muda kwenye karatasi tunao. Swali ni hizo siku zinatukuta wapi: je, mtaani kwako pamebaki uwanja ambao mtoto anaweza kukimbia bila kuulizwa kiingilio? Kabla ya kusema hatuna utamaduni wa kutembea, tuhesabu kwanza nyuzio.