Mlezi Mkali Mwenye Miujiza: Utumwa, Hofu na Ulezi wa Watoto katika Historia ya Kirongwe, Mafia

Fasihi ya watoto ya Kiingereza ina mhusika aliyezoeleka: yaya mkali, mwenye amri zisizopingwa, ambaye nyuma ya ukali wake mna miujiza. Kielelezo chake ni Mary Poppins wa P. L. Travers, aliyechapishwa mwaka 1934. Huletwa na upepo wa mashariki, na uvumapo wa magharibi hujiondokea bila kuomba ruhusa. Sehemu hii inadai kwamba uhuru huo wa kuondoka ndio unaomtenga na mlezi wa mwambao.

Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka Unguja. Katika kumbukumbu zake zilizotolewa Berlin mwaka 1886, Emily Ruete, yaani Sayyida Salme binti Said, anawaeleza walezi wa kasri, wanawake watumwa, na kulalamikia hadithi zao za kutisha za wanyama wakali na wachawi. Ruete aliona humo ushirikina tu. Kwa maoni yangu, hakuitazama hali ile kwa jicho la mlezi. Mtumwa aliyemwinulia mkono mtoto wa bwana alijihatarisha. Zimwi lilimnyamazisha mtoto huyo bila kumgusa. Ukali wa mlezi, basi, ulikuwa wa kuazima.

Mafia nako mashamba ya minazi yalilimwa na watumwa. Kusi ndiyo iliyopandisha majahazi ya Kilwa, lakini kwa aliyeletwa hivyo kaskazi haikuwa njia ya kurudi kwao. Utawala wa Wajerumani ulishika kisiwa mwaka 1890, Waingereza wakakitwaa mwaka 1915, na utumwa ukafutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922 tu. Wapo wazee leo ambao bibi zao walizaliwa kabla ya sheria hiyo.

Zaidi ya hayo, kwa mtoto wa Mafia jini si pambo la hadithi. Pat Caplan, aliyeanza utafiti Kanga, kaskazini mwa Kirongwe, mwaka 1965, ameonyesha jinsi mashetani ya nchi kavu na ya baharini yalivyo sehemu ya maisha ya wanakijiji. Mlezi alipoyataja, alitaja majirani.

Suala la usaili linatokana na hapo. Kumuuliza mzee wa Kirongwe kama bibi yake alikuwa mtumwa ni kumvunjia heshima, na jibu huwa ni kimya. Swali linaloweza kujibiwa ni jingine: usiku ulipokataa kulala, nani alikutisha, na alikutisha kwa jina la nani?