Nguvu za Ajabu na Mipaka Yake: Kutoka Liyongo hadi Adili

Bila shaka umewahi kusahihisha, au wewe mwenyewe kuandika, insha ya kubuni ambamo mhusika amezingirwa na majambazi, kisha ghafla anaokota pete ya ajabu, anaisugua, na maadui wote wanatoweka. Insha ina msamiati teule na methali mbili tatu, lakini haisisimui. Kasoro iko wapi? Wengi wetu huandika pambizoni kwamba kisa hakiaminiki, tukafungua ukurasa. Jibu hilo halitoshi. Kisa cha Fumo Liyongo nacho hakiaminiki, na bado tunakisoma kwa hamu.

Makala haya yanashikilia kwamba kasoro si kuwepo kwa nguvu za ajabu, bali ni nguvu hizo kukosa mipaka na gharama. Aidha, fasihi ya Kiswahili ililitambua jambo hili tangu kale, na gharama yenyewe iliiweka mahali maalum: katika uhusiano wa mtu na mtu.

Tuanze na Liyongo. Kisa chake kilikuwa kimesimuliwa kwa vizazi katika pwani yetu ya kaskazini kabla Edward Steere hajakichapisha kwa nathari mwaka 1870. Mwaka 1913 Muhamadi Kijumwa wa Lamu alikitungia utenzi. Mwili wa Liyongo haudhuriki kwa silaha. Hata hivyo, zingatia kwamba nguvu hizo hazifungui pingu. Anapotiwa gerezani, inambidi amtume mjakazi Saada kwa mama yake ili aoke mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani yake. Kwa nini wishwa? Ili walinzi wasiutamani. Shujaa asiyepenywa na mkuki anaokolewa na mama mwenye akili na mjakazi mwaminifu. Lau nguvu zake zingekuwa hazina mpaka, wanawake hawa wawili wasingekuwa na kazi katika kisa.

Mpaka wa pili ni siri. Liyongo anaweza kuuawa kwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni, na anayeipata siri hiyo ni mwanawe mwenyewe. Hapo ndipo taharuki huzaliwa. Hatumwogopei Liyongo mbele ya jeshi. Tunamwogopea amelala ndani ya nyumba yake. Gharama nayo inawafikia wengi. Liyongo anafia kisimani akiwa amepiga goti na upinde mkononi, na watu, wakidhani yu hai, wanaogopa kuteka maji. Mwana naye hafaidi alichoahidiwa. Linganisha na mighani ya Waluo kuhusu Lwanda Magere, ambaye mwili wake ulikuwa jiwe na udhaifu wake ulikuwa katika kivuli. Siri yake ilifichuliwa na mke aliyetoka kwa maadui. Ni jamii mbili tofauti, lakini mpaka umewekwa mahali pamoja: kwa mtu wa karibu.

Mkusanyiko huo wa Steere una hadithi nyingine inayofaa kufunzwa, ile ya Sultani Darai. Maskini anayechakura jaani anamnunua paa, na paa huyo anamletea mke, jumba na heshima. Je, malipo ni nini? Paa hadai damu wala dhahabu. Anapougua anahitaji kutunzwa tu. Tajiri huyo mpya anamdharau, paa anakufa, na mwishowe mtu yule anajikuta tena jaani. Gharama hapa ni shukrani, na aliyeshindwa kuilipa anapoteza kila kitu.

Shaaban Robert aliendeleza urithi huu katika Adili na Nduguze (1952). Ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, wanageuzwa manyani na jini Huria kwa uovu waliomtendea ndugu yao. Adhabu ingeweza kuishia hapo. Lakini Huria anamwamuru Adili awapige kila usiku. Aliyedhulumiwa ndiye anayeshika mjeledi, na moyo wake ndio unaoumia. Bila sharti hili tungekuwa na kisa cha wabaya kuadhibiwa. Kwa sababu ya sharti hili tuna swali la huruma na haki, na hilo ndilo analoingilia Mfalme Rai.

Katika tamthilia ya Kifo Kisimani (2001) ya Kithaka wa Mberia, iliyowahi kutahiniwa katika KCSE, linalotawala ni siasa. Lakini muundo wa kale umebaki: Mtemi Bokono hafui dafu mbele ya Mwelusi mpaka ampate nduguye, Gege.

Kuna watakaopinga kwamba mipaka huua ajabu. Kwamba ajabu ikiwekewa kanuni hugeuka hesabu. Hoja hii ina uzito, ila inachanganya mpaka na maelezo. Hakuna anayetueleza kwa nini iwe shaba, wala kwa nini iwe kitovu. Ajabu imebaki ajabu. Tulichopewa ni kujua tu kwamba ipo njia ya kuishinda, na kwamba mtu fulani anaijua.

Mtahiniwa, ukiulizwa ufafanue sifa za shujaa wa mighani, usiishie kuorodhesha nguvu zake na usaliti uliomwangusha kana kwamba ni mambo mawili yasiyohusiana. Onyesha jinsi mpaka wa nguvu unavyoufungulia usaliti mlango. Na ukitunga kisa chako, mpe mhusika pete ukipenda, lakini kwanza jiulize: ni nani mwingine anayeijua siri yake, na ana deni gani kwake?

Nawe mwalimu, utakapoiona tena pete hiyo katika insha, usiikate kwa wino mwekundu. Mwulize mwanafunzi swali hilo hilo, kisha mrudishie karatasi yake aandike upya.