Nyundo Haiulizi Digrii

Watu wangu, leo tuongee mawe. Najua, najua. Nivumilieni tu.

Mwaka 1807, mabwana kadhaa walikutana kwenye mkahawa mmoja London wakaanzisha Geological Society. Ilianza kama klabu ya kula chakula cha jioni huku wakibishana kuhusu miamba. Wanawake walikuja kukubaliwa uanachama 1919. Hebu piga hesabu: miaka 112!

Na wakati huo, kule Lyme Regis, mji mdogo wa pwani kusini mwa Uingereza, kulikuwa na Mary Anning, binti wa seremala. Alikuwa akichimbua visukuku kwenye majabali na kuviuza ili nyumbani wale. Kaka yake alipata fuvu la ikthiosauri, mnyama mkubwa wa baharini wa kale, 1811, na Mary akapata mwili uliobaki. Mabwana walinunua mifupa yake, wakaandika makala zao, na mara nyingi jina lake hata halikutajwa. Alifariki 1847 akiwa bado nje ya mlango.

Sasa, 1858 ikaanzishwa Geologists' Association, hapo hapo London. Hii ilikuwa ya watu wa kawaida waliopenda mawe, na wanawake waliingia tangu mwanzo. Jioni wanasikiliza mhadhara. Siku ya mapumziko wanapanda treni, wanashuka karibu na machimbo au pale reli imekata kilima, nyundo mkononi. Anayejua anaonyesha tabaka, wengine wanauliza. Ni hivyo tu! Na chama kipo hadi leo.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo swali la "kwani wewe umesomea?" nimelizoea. Ndiyo maana nampenda John Walter Gregory. Alianza kazi akiwa na miaka 15, karani kwenye biashara ya sufu, akasoma masomo ya jioni. Mwaka 1893 akafika Baringo na msafara wa wapagazi, na ni yeye aliyeeneza jina Rift Valley. (Wenyeji walikuwa wanalijua bonde lao kitambo, lakini vitabuni tunasoma jina lake.)

Mbona nawaambia haya yote? Kwa sababu ya Machi 2018. Mvua kubwa ilinyesha, ufa ukafunguka karibu na Mai Mahiu, ukakata barabara ya Narok, familia zikahama. Mitandaoni ikawa ati Afrika inapasuka vipande viwili, sasa hivi! Kweli bonde linapanuka, lakini ni kwa milimita chache kwa mwaka. Wanajiolojia wengi walieleza kwamba maji yalikuwa yamebeba udongo laini wa majivu ya volkeno. Maelezo yakafika video zikiwa zimeshazunguka dunia. Aliyejenga pale alihitaji kujua udongo wake kabla ya mvua, na hiyo si lazima uende chuo kikuu kuijua.

Kariandusi, karibu na Gilgil, kuna machimbo ya dayatomiti, ule udongo mweupe mwepesi uliotokana na vijidudu vya ziwa la kale. Ningependa tuanzie huko, Jumamosi moja. Kama umesoma jiolojia, njoo utueleze. Sisi wengine tutabeba maji, chapati na maswali.